Mafungunyota tufe: haya ni yaliyonusurika tu

Mpenzi yeyote wa anga ukimtajia mafungunyota tufe, yale makundi makubwa ya nyota yaliyobanana kama mpira, ataanza na umri. Miaka bilioni 11, bilioni 12, mengine yanakaribia 13, ilhali ulimwengu mzima una bilioni 13.8. Ni kweli, na ukisikia mara ya kwanza unashtuka. Ila mimi habari ya umri imeshanichosha. Kinachoniweka macho ni namna yalivyozaliwa. Ilikuwaje nyota laki kadhaa, pengine milioni, zitoke karibu kwa mkupuo mmoja katika eneo ambalo hapa jirani na Jua lingekuwa na nyota chache tu, kisha zibaki zimeshikana mpaka leo? Na mbona Njia Nyeupe, galaksi yetu hii ambayo bado inazaa nyota kila mwaka, haizai tena kitu cha aina hiyo?

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Elekeza darubini ya mikononi kwenye 47 Tucanae, fungunyota tufe la kule kusini kando ya Wingu Dogo la Magellan, utaona doa la ukungu lililokolea katikati. Ukipata darubini yenye kioo cha sentimita 20, ule ukungu unaanza kuchambuka. Pembeni zinajitokeza punje za mwanga, moja moja. Kadiri jicho linavyoingia ndani ndivyo punje zinavyobanana, mpaka unafika katikati ambako huwezi tena kuitenga nyota na mwenzake. Ukingo hauonekani popote. Nyota zinapungua tu hadi hujui ni ipi ya fungu na ipi ya anga la kawaida. Mwanga huo umesafiri karibu miaka 15,000 kukufikia.

Sasa hamisha darubini hadi Kilimia. Hapo pana nyota elfu moja hivi, umri wake ni kama miaka milioni 100, na baada ya miaka milioni mia kadhaa zitakuwa zimetawanyika kila moja na njia yake. Siku hizi galaksi yetu inazaa mafungu ya aina ya Kilimia. Zamani ilizaa ya aina ya 47 Tucanae, lenye nyota nyingi zaidi kwa takriban mara elfu. Tunajua zaidi ya 150 ya haya ya zamani yanayoizunguka Njia Nyeupe. Andromeda ina mamia, na M87, lile jitu la katikati ya kundi la galaksi la Virgo, linakadiriwa kuwa na zaidi ya 12,000. (Ni mpangilio wa haya ya kwetu uliomwezesha Harlow Shapley, mwaka 1918, kututoa katikati ya galaksi. Aliona yamejazana upande wa kundinyota la Mshale, akahitimisha kwamba kitovu kiko huko na sisi tuko pembeni.)

Nadharia ya kwanza niliyoipenda ni ya P. J. E. Peebles na Robert Dicke, ya mwaka 1968. Wao walisema mafungu haya yalitangulia galaksi zenyewe. Hoja yao ilikuwa safi. Miaka takriban 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, ulimwengu ulipoa kiasi cha gesi kuacha kuwa na chaji ya umeme, na tangu hapo mwanga haukuweza tena kuisukuma. Ukikokotoa ni donge la ukubwa gani la gesi ya wakati ule lingeweza kuporomoka kwa mvutano wake lenyewe, unapata uzito wa Jua mara laki moja hadi milioni. Huo ndio uzito wa fungunyota tufe! Hesabu ya namna hiyo inapokubali kirahisi hivyo, mtu anatamani iwe kweli.

Haikukaa. Katika galaksi yetu hata fungu lililo maskini kabisa lina chuma, karibu sehemu moja ya 300 ya kiwango cha Jua. Chuma hakikutoka kwenye Mlipuko Mkuu. Kilipikwa ndani ya nyota na kumwagwa zilipolipuka. Maana yake ni kwamba kabla ya fungu hilo kuzaliwa, vizazi vingine vya nyota vilishaishi na kufa mahali pale, vikaacha majivu yao kwenye gesi. Isitoshe, kiasi cha chuma kinaendana na galaksi mwenyeji: galaksi kubwa zina mafungu tajiri, ndogo zina maskini. Halafu kuna suala la maada ya giza, ile isiyoonekana bali hujulikana kwa mvutano wake tu. Donge lililozaliwa peke yake mwanzoni mwa ulimwengu lilitegemewa liwe ndani ya gamba la maada ya giza, na tukiupima mwendo wa nyota ndani ya mafungu haya hatuoni haja ya kitu kama hicho. Uzito wa nyota zenyewe unatosha. Kwa hiyo galaksi zilitangulia, au angalau zilikuwa njiani.

Kilichogeuza mjadala kilitokea kwenye miaka ya 1990. Mwaka 1992 Keith Ashman na Stephen Zepf walipendekeza kwamba galaksi mbili zenye gesi zikigongana, mafungunyota tufe mapya huzaliwa. Darubini ya Hubble ilikuwa imeshaanza kazi, na miaka ileile ikaanza kuyaonyesha: ndani ya galaksi ya NGC 1275, kisha kwa mamia ndani ya galaksi mbili zinazogongana ziitwazo Antennae. Ni mafungu ya buluu, mazito, yaliyobanana, yenye umri wa miaka milioni chache hadi milioni mia kadhaa. Kwa hiyo kiwanda hakikufungwa. Kimehama tu, na siku hizi kinafanya kazi mahali palipo na vurugu.

Hapa ndipo penye utamu, na nitakaa kidogo.

Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi baridi, na mawingu hayo huwa yana ubadhirifu wa kutisha. Wingu la kawaida la Njia Nyeupe hugeuza asilimia chache tu ya gesi yake kuwa nyota, kisha nyota nzito za kwanza huwaka, zikaitimua gesi iliyobaki kwa mionzi na upepo wao. Hilo ni pigo kwa fungu, kwa sababu gesi ndiyo iliyokuwa ikilishikilia. Gesi ikiondoka ghafla, nyota zinajikuta zinakwenda kasi kuliko mvutano uliobaki unavyoweza kuzizuia, na familia inasambaratika ingali changa. Ili fungu libaki limeshikana ni lazima sehemu kubwa ya gesi iwe imeshakuwa nyota kabla ya kutimuliwa.

Tufanye hesabu mbili. Chukua wingu la kawaida, uzito wa Jua mara 100,000, limetandaa hadi umbali wa miaka ya nuru 65 kutoka katikati yake (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Kuporomoka kwa mvutano kungelichukua zaidi ya miaka milioni 4. Nyota nzito huanza kulipuka kama supanova baada ya miaka milioni 3 hivi, na mionzi yao huanza kuchoma gesi mapema zaidi. Tena, gesi iliyopashwa joto na mionzi hiyo hufika nyuzi 10,000 na kutanuka kwa kasi ya kilomita 10 kwa sekunde, wakati kasi inayohitajika kutoroka wingu hilo haifiki hata kilomita 7. Gesi inaondoka bila shida. Mchezo umekwisha kabla haujaanza.

Sasa chukua gesi ya uzito wa Jua mara milioni moja, uibane ndani ya umbali wa miaka ya nuru 16 kutoka katikati. Kuporomoka kunachukua takriban miaka 200,000 tu. Kasi ya kutoroka imepanda hadi kilomita 40 kwa sekunde. Ile gesi ya moto inayokwenda kilomita 10 haifiki popote. Inachemka ndani kwa ndani, mvutano umeikaba. Nyota zinazidi kuzaliwa, na hadi supanova ya kwanza inalipuka, sehemu kubwa ya gesi imeshatumika. Fungu limesimama.

Hakuna kanuni ya pekee iliyotumika hapo. Hakuna hata haja ya maada ya giza. Kinachotakiwa ni shinikizo tu, la kubana gesi nyingi hivyo mahali padogo hivyo, na shinikizo ndicho kitu ambacho galaksi changa zilikuwa nacho tele. Njia Nyeupe ya leo ina gesi kidogo ukilinganisha na nyota zake, na gesi hiyo imetulia kwenye sahani nyembamba. Galaksi za miaka bilioni chache za mwanzo zilikuwa na gesi ambayo mara nyingi ilikuwa nusu au zaidi ya uzito wao, ukiacha maada ya giza. Sahani zao zilikuwa nene, zimechafuka, zinamiminiwa gesi mpya kutoka nje na kugongwa na majirani kila mara. Shinikizo ndani yake lilizidi la hapa kwetu mara elfu na zaidi. Katika hali hiyo mafungu ya uzito wa Jua mara milioni si ajabu, ni matokeo ya kutegemewa. Ukitaka kuona mfano mdogo ulio hai, upo R136, fungu changa ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, miaka ya nuru 160,000 kutoka hapa. Umri wake ni miaka milioni moja au mbili, na una nyota zinazozidi uzito wa Jua mara mia.

Sasa kuna kitu kinachonikera katika maelezo mengi ya mada hii, nacho ni kwamba yanaishia hapo, kana kwamba kuzaliwa ndiko kulikokuwa kugumu. Tazama takwimu za uzito. Mafungu machanga, kila tunapoyahesabu, madogo ni mengi na makubwa ni machache: ukipanda mara kumi kwa uzito, idadi inashuka takriban mara kumi. Mafungunyota tufe ya zamani hayafuati mpangilio huo. Yamejikusanya kwenye uzito wa Jua mara 200,000 hivi, na madogo ni haba. Kama yalizaliwa kwa utaratibu uleule, basi wadogo wote wameenda wapi?

Wamekufa, na njia za kufa zilikuwa nyingi. Ndani ya fungu nyota huvutana zinapopishana, na mara kwa mara mojawapo hupata kasi ya kutosha kutoroka, kwa hiyo fungu huvuja polepole maisha yake yote. Kila linapokatiza sahani ya galaksi hutikiswa. Lakini muuaji mkubwa, kwa mtazamo ambao Diederik Kruijssen aliueleza mwaka 2015 na ambao mimi naukubali, alikuwa nyumbani kwenyewe: yale mawingu mazito ya gesi ya galaksi changa, yaleyale yaliyozaa mafungu, yakipita karibu huyavuta upande huu na upande ule mpaka yanachanika. Kikulacho ki nguoni mwako. Fungu lililobaki pale lilipozaliwa halikuwa na maisha marefu. Yaliyopona ni yale yaliyorushwa nje, mbali na gesi, galaksi yao ilipogongana na nyingine au ilipomezwa na kubwa zaidi. Ile migongano tunayoihesabu kuwa maangamizi, kwa mafungu haya ilikuwa uokozi.

Na ushahidi wa vifo upo angani. Palomar 5 ni fungu dogo lililo taabani, na mwaka 2001 ilibainika kuwa lina mikia miwili ya nyota inayochuruzika mbele na nyuma ya njia yake. Mikia hiyo inaendelea kurefuka na fungu linaendelea kukonda. Kuna pia mkondo wa nyota uitwao Phoenix ambao fungu lake halipo tena. Mwaka 2020 vipimo vilionyesha kuwa nyota zake zina chuma kidogo kuliko fungu lolote lililobaki katika galaksi yetu. Kile tulichokuwa tukikiita kiwango cha chini kabisa cha chuma kilikuwa kiwango cha waliopona.

Habari ya nani alikuwa mwenyeji wa nani nitaipitia haraka. Leonard Searle na Robert Zinn walishasema mwaka 1978 kwamba sehemu ya mafungu yetu yalitoka kwenye galaksi ndogo zilizomezwa. Mwaka 1994 galaksi kibete ya Sagittarius ilikamatwa ikiwa katikati ya kumezwa, na fungunyota tufe la M54 limeketi kwenye kiini chake. Mwaka 2018 data za chombo cha anga za juu cha Gaia zilifichua mlo mkubwa zaidi wa miaka takriban bilioni 10 iliyopita, galaksi iliyopewa jina la Gaia-Enceladus, iliyokuja na mafungu yake mwenyewe. Omega Centauri, lenye nyota takriban milioni 10, huenda hata si fungu bali kiini cha galaksi iliyochunwa ngozi. Mwaka 2024 nyota saba zilionekana katikati yake zikienda kasi mno, na maelezo yanayofaa ni shimo jeusi la uzito wa Jua mara 8,200 au zaidi.

Haya yote yalikuwa ni kukisia kutokana na mabaki. Kisha ikaja darubini ya anga za juu ya James Webb.

Tatizo la kuyaona mafungu yakizaliwa ni udogo wake. Kitu cha upana wa miaka ya nuru kadhaa, kikiwa mbali kiasi cha mwanga wake kusafiri miaka zaidi ya bilioni 13, hakiwezi kutenganishwa na darubini yoyote tuliyo nayo. Labda anga lenyewe lisaidie. Na linasaidia: kundi zito la galaksi likiwa katikati ya njia, mvutano wake hupinda mwanga na kukuza kilicho nyuma yake. Ndivyo ilivyopatikana picha iliyochapishwa mwaka 2024 ya tao liitwalo Cosmic Gems. Ni uzi mwekundu mwembamba uliopinda, na juu ya uzi huo kuna vidoa vya mwanga vilivyopangana, kisha vidoa vilevile vinajirudia upande wa pili kwa mpangilio uliogeuzwa, kwa sababu lenzi ya mvutano imeichora galaksi moja mara mbili. Ukiondoa marudio unabaki na mafungu matano. Yamebanana ndani ya eneo lisilozidi miaka ya nuru 230 au hivi, na kila moja lina nusu ya mwanga wake ndani ya umbali wa miaka ya nuru kama mitatu kutoka katikati. Ulimwengu ulikuwa na miaka milioni 460 tu. Msongamano wa nyota zake unazidi ule wa mafungu machanga ya kawaida ya jirani zetu mara elfu, yaani kile hasa ambacho hesabu ya gesi iliyobanwa inakidai.

Hayako peke yake. Firefly Sparkle, galaksi ya miaka milioni 600 baada ya Mlipuko Mkuu, ina mafungu kumi, na uzito wake unakaribia ule ambao Njia Nyeupe ilikuwa nao utotoni. Sparkler, iliyoonekana kwenye picha ya kwanza kabisa ya kina ya Webb mwaka 2022, iko karibu zaidi, mwanga wake umesafiri miaka bilioni 9 hivi, na vidoa vyake kadhaa tayari ni vyekundu, vizee, vimemaliza kuzaa. Mtu akiniuliza kama yale matano ya Cosmic Gems ndiyo yatakuja kuwa mafungunyota tufe, nitasema baadhi, labda. Kwa yale ya kufa nyumbani, miaka bilioni 13 ni mingi.

Kuna jambo moja linaloharibu raha ya simulizi hii, nalo ni kemia. Nyota za fungu ukizipanga kwenye mchoro, rangi kwa mlalo na mng'ao kwa wima, nyota zinazochoma hidrojeni zinatakiwa kukaa kwenye mstari mmoja mwembamba kama kweli zilizaliwa pamoja kutoka gesi moja. Mwaka 2007 Giampaolo Piotto na wenzake walichapisha mchoro wa fungunyota tufe NGC 2808 uliotokana na Hubble. Mistari ni mitatu. Imeachana waziwazi, na maelezo yake ni kwamba nyota za fungu hilo zinatofautiana kwa kiasi cha heli. Karibu kila fungunyota tufe lililopimwa lina dalili za namna hiyo: sodiamu ikipanda oksijeni inashuka, naitrojeni ikipanda kaboni inashuka, huku chuma kikibaki kilekile. Mchanganyiko huo hupatikana hidrojeni inapochomwa kwenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, joto ambalo nyota hizi ndogo hazina. Kuna nyota nyingine iliyopika na kuwamwagia wenzake.

Ni nyota gani? Wengine wanataja nyota za wastani zikiwa zinazeeka, wengine nyota nzito zinazozunguka kasi. Zote zinakwama kwenye hesabu ileile: haziwezi kutoa maada ya kutosha, kwa sababu nyota zilizochafuliwa mara nyingi ni zaidi ya nusu ya fungu. Mimi navutiwa na wazo la tatu, la nyota ya ajabu yenye uzito wa Jua mara maelfu, iliyokua kwa kumeza wenzake katikati ya fungu lililobanana mno. Lina mapengo yake, lakini angalau linatumia msongamano uleule ambao Webb sasa inauonyesha. Na mwaka 2023 spektra (mwanga uliochambuliwa kwa rangi zake) ya galaksi GN-z11, ya miaka kama milioni 430 baada ya Mlipuko Mkuu, ilionyesha naitrojeni nyingi isivyo kawaida ikilinganishwa na oksijeni. Wapo wanaodhani kwamba hapo tunaangalia jiko lenyewe likiwa motoni.

Kemia hiyo ina faida nyingine. Nyota iliyotoroka fungu hubeba alama yake milele, hata kama fungu lilikufa miaka bilioni 10 iliyopita. Uchunguzi wa APOGEE, unaopima spektra za nyota za Njia Nyeupe kwa mamia ya maelfu, umezikuta nyota za naitrojeni nyingi zikizurura peke yao karibu na kitovu cha galaksi, mbali na fungu lolote. Wachunguzi walipozikokotolea idadi mwaka 2017, walipata kwamba mafungu yaliyochanika huko ndani huenda kwa jumla yalizidi uzito wa yote yaliyobaki mara kadhaa.